Fuli Fremu kwenye Harusi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Nimedharauliwa. Tena sebuleni kwa wakwe, kikombe cha chai mkononi! Mama mkwe ametangaza kwamba harusi ya shemeji, mdogo wake mke wangu, kitindamimba wa nyumba, itapigwa picha na Megapikseli. Jumamosi ya wiki ijayo! Huyu ni mpiga picha mwenzangu, studio yake inatazamana na yangu ng'ambo ya barabara. Tulimpa jina hilo kwa sababu hawezi kukuuliza hali bila kukutajia kwanza kamera yake ina megapikseli ngapi.

Sababu? Eti ana fuli fremu. Mama mkwe alilitamka neno hilo kama mtu aliyezaliwa nalo. Nikamuuliza kwa adabu kama anajua fuli fremu ni kitu gani. Akasema hajui na hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba mimi sina.

Nieleze, kwa faida ya wajukuu watakaosoma shajara hii. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, kinaitwa sensa. Ya Megapikseli ni pana, sawa na filamu ya zamani. Ndiyo hiyo fuli fremu. Yangu ni ndogo kidogo. KIDOGO! Zote mbili ni za kisasa, hazina kioo ndani, hazipigi kelele. Lakini watu siku hizi hawaulizi picha, wanauliza sensa.

Jambo lenyewe ni zito. Mkwe akirukwa kwenye harusi ya ukweni kwake, nani mwingine ataleta sura yake kwangu? Mtaa mzima utasema hata wakwe zake hawamtaki. Nitafunga studio. Mama Pacha, mke wangu, ameniambia ninywe chai yangu inapoa.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa. Mtihani!

Nimewahi kwa Mama mkwe asubuhi, nikampa shikamoo ya kuinama kabisa. Nikamweleza mpango: mimi na Megapikseli kila mmoja ampige shemeji picha moja, pale pale sebuleni dirishani. Zichapishwe kwa ukubwa mmoja. Yeye achague bila kujua ipi ni ya nani. Mshindi achukue harusi. Mama mkwe anapenda sana kuwa hakimu, akakubali hata sijamaliza kusema. Megapikseli naye akakubali, meno yote nje.

Tukapiga saa ile ile. Yeye akaifungua lenzi yake mpaka mwisho, vitu vyote nyuma ya shemeji vikayeyuka. Mimi nikapiga ya kawaida, Mama Pacha akinishikia taa.

Sasa siri, shajara yangu, na usimwambie mtu. Mimi mwenyewe naamini fuli fremu ni bora. Ndiyo! Kwa hiyo nikajitolea kwenda kuzichukua picha kwa dada wa kuchapisha, mtu mwema mimi, na njiani nikabadilisha majina nyuma. Yake nikaandika langu, yangu nikaandika lake. Mama mkwe atachagua iliyo bora, atageuza, atakuta jina langu. Akili ya namna hii haifundishwi shuleni.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya. Nasema mbaya!

Mama mkwe akavaa miwani, akasogea dirishani, moja mkono huu, nyingine mkono ule. Akasema hii ya kushoto hataki kuiona tena maishani. Pua ya binti yake ipo, masikio yameingia moshi. Na mapazia je? Mapazia aliyoyashona kwa mikono yake yamekuwa uji! Hii ya kulia, akasema, kila kitu kipo: hereni, mkufu, mapazia mpaka ua la mwisho. Ya kulia imeshinda.

Ya kulia ni YANGU. Sensa ndogo! Nikaruka juu, mikono hewani. Ndipo Mama mkwe akageuza picha na kusoma kwa sauti jina la Megapikseli.

Nikakaa chini. Ningesema nini, jamani? Kwamba nimeshinda, ila nimejiibia ushindi wangu mwenyewe? Mama mkwe akaniuliza nilikuwa nimeruka kwa nini. Nikasema nimefurahi kwa niaba ya mwenzangu.

Kibaya zaidi ni Megapikseli. Aliitazama ile picha, akakunja uso, akaitazama tena. Aliona kabisa si yake. Kisha akapokea pongezi kwa mikono miwili, akamweleza Mama mkwe kwamba hivyo ndivyo fuli fremu inavyotunza mapazia. Mwongo mkubwa! Dunia hii haina tena watu waaminifu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetafakari kutwa nzima. Somo liko wazi: lazima nipate fuli fremu.

Mama Pacha anaona tofauti. Aliitambua picha yangu tangu jana, akanyamaza kwa aibu yangu. Anasema somo ni kwamba kamera yangu ndogo imemshinda mwenye kubwa, mbele ya mama yake ambaye hamwonei mtu huruma, na kwamba ningetulia ningekuwa na harusi mkononi. Nikamwonyesha kosa lake. Picha imeshinda kwa jina la fuli fremu, sivyo? Basi fuli fremu ndiyo iliyoshinda. Akaenda kuanua nguo.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe amelegea! Nimemfuata bustanini, nikamshikia ndoo, nikamsifu mapazia. Akasema kwa kweli roho inamuuma kumpa mtu baki kazi ya nyumbani wakati mkwe yupo. Lakini kamera ndiyo hiyo. Laiti ningekuwa na kama ya yule. Nikamwomba arudie maneno hayo mbele ya Mama Pacha. Akarudia.

Nikaenda moja kwa moja kwa muuza kamera za mtumba. Nimetoa kamera yangu, taa zote mbili za studio, na feni. Nimepata fuli fremu! Haina lenzi, lakini lenzi yangu ya zamani ninayo, na yule bwana akanipa pete ya kuunganishia. Akaanza kunieleza jambo fulani refu kuhusu lenzi iliyotengenezewa sensa ndogo ukiivalisha kwenye sensa kubwa. Nikamkata kauli. Nikamwambia nilianza kupiga picha yeye akinyonya. Kumbe amenizidi umri, lakini neno lilishatoka.

Nyumbani nikafungua mipangilio. Hee! Nikakuta kamera imejiamulia yenyewe kutumia sehemu ya katikati tu ya sensa, eti kwa sababu lenzi ni ndogo. Sikutoa feni yangu ili nitumie katikati! Nikazima upuuzi huo. Sensa yote itafanya kazi.

Jumapili, 9 Juni

Ushindi! Mama mkwe ameishika kamera, ameipima uzito mkononi kama anayechagua nyama buchani, ameridhika. Harusi ni yangu. Megapikseli ameambiwa apumzike, aje tu kama mgeni.

Nikavuka barabara kwenda kumpa pole. Nikamtajia upana wa sensa yangu. Akaniuliza nimeivalisha lenzi gani. Nikajitia hamnazo, nikamsifu kwa viatu vyake.

Jumamosi, 15 Juni

Harusi. Nimechoka, miguu si yangu, lakini nimepiga kama simba!

Lazima niandike kuhusu mama wa bwana harusi. Yeye na Mama mkwe hawajapikika chungu kimoja tangu siku ya posa, kila mmoja anaona harusi ni yake. Leo alikuja na kofia pana kama sinia, ina unyoya. Ukumbini walivutana mkono kabisa kuhusu nani akae wapi kwenye picha ya familia. Mwishowe kofia ndiyo iliyoamua. Kila aliyekaa karibu nayo alichomwa jicho na unyoya, ikabidi mwenye kofia akae pembeni kabisa, mwisho wa mstari. Alinuna. Mama mkwe akajiweka katikati, karibu na bibi harusi, kifua mbele.

Jambo moja la ajabu. Nikichungulia kwenye kamera, naona weusi wa mviringo umezunguka pembeni. Mwanzo nilishtuka. Kisha nikaelewa: ndio ukubwa wenyewe huo! Sensa ni pana mpaka inaona kuta za ndani ya lenzi. Ile ndogo ingeweza wapi?

Megapikseli alikuja, kamera shingoni, eti kwa tahadhari. Alichungulia skrini yangu kwa nyuma, akatabasamu mpaka nikaona jino la mwisho, akaenda zake kula keki. Wivu mtupu.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwisha.

Nimezifungua kwenye kompyuta. Zote! Kila picha ina duara la mwanga katikati na pembe nne nyeusi tii. Utadhani nilimpiga picha bibi harusi nikiwa ndani ya bomba. Lenzi ndogo haiwezi kuijaza sensa kubwa, ndilo jambo lile refu alilotaka kunieleza yule bwana. Angesema kwa kifupi!

Nikajaribu kukata kingo. Ukikata weusi wote, inabaki sehemu ya katikati. Nikaipima. Ni sawasawa na sensa yangu ndogo niliyoitoa! Nimetoa kamera, taa na feni ili nirudi nilikokuwa, tena jasho linanitoka. Na kwenye picha ya familia, ukikata hivyo unawatupa nje shangazi wote wa pande mbili.

Mama Pacha alikuja kuangalia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipoona sicheki, akanishika bega. Nikamwambia nina hofu. Kweli nina hofu. Harusi ya shemeji hairudiwi, hakuna siku nyingine atakayotoka mlangoni na lile gauni. Na mimi ndiye niliyeng'ang'ania.

Nikapendekeza tuseme kompyuta imeibwa. Amekataa. Nikapendekeza tuseme mimi nimeibwa. Mama mkwe anakuja kesho na shemeji.

Jumatatu, 17 Juni

Jamani! Jamani!

Wamekuja. Nimewaketisha, nimewapepea kwa bahasha. Nikafungua picha ya kwanza, nikafumba macho. Shemeji akasogea karibu. Nikasikia akimwambia dada yake kwamba ni nzuri, zinafanana na zile picha za zamani kwenye makopo ya biskuti, mtu anatokea gizani kama malkia. Nikafumbua jicho moja. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya furaha! Nikasema bila kukohoa kwamba ndiyo, ni mtindo, nimeufikiria muda mrefu.

Mama mkwe akasukuma kiti chake mbele. Akataka picha ya familia. Nikaifungua, roho mkononi. Akavaa miwani. Akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye skrini.

Katikati kabisa, ndani ya mwanga, yupo yeye. Anang'aa! Shanga za shingoni unaweza kuzihesabu. Na kule pembeni, mwisho wa mstari, mama wa bwana harusi amezama gizani, yeye na kofia yake. Unaona ncha ya unyoya tu.

Mama mkwe akauliza yule mama yuko wapi. Nikamwonyesha ncha. Akaitazama ile ncha kwa utulivu mkubwa. Kisha akavua miwani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ameona wapiga picha wengi maishani mwake, lakini leo amempata anayejua harusi ilikuwa ya nani. Ameniita mwanangu! Miaka yote hii nilikuwa "huyu".

Ameagiza moja kubwa ya sebuleni. Na nyingine kubwa zaidi, ya zawadi, ipelekwe kwa mama wa bwana harusi.

Ijumaa, 21 Juni

Studio imejaa. Watu wanapanga foleni mpaka nje, wanataka picha za duara kama za bibi harusi yule. Nimeikomboa feni yangu. Jana nilimwona Megapikseli akitoka kwa muuza mtumba na lenzi ndogo ndani ya mfuko, anajificha. Nikampungia mkono. Mama Pacha anasema yote haya ni bahati, kwamba sensa haikuhusika hata kidogo, na nimshukuru Mungu nitulie. Nampenda, lakini mambo ya vifaa hayajui.

Leo amekuja mtu mzito: mama wa bwana harusi, bila kofia. Ameipata zawadi. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema Jumapili ijayo familia zote mbili zinakutana nyumbani kwa maharusi, picha itapigwa upya, na safari hii yeye ndiye atakayekaa katikati. La sivyo studio yangu nitaitafuta. Nikamwahidi. Hajafika mbali, Mama mkwe akapiga simu. Amesikia habari za Jumapili. Anataka katikati pale pale pake. Nikamwahidi na yeye.

Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi nimeshatoka kwa yule bwana wa mtumba. Kumbe kuna sensa kubwa kuliko fuli fremu! Inaitwa midiamu. Alitaka kunieleza jambo fulani refu, nikamkata kauli. Nimempa fuli fremu, feni, na kabati la vyombo la Mama Pacha, ambaye bado hajarudi kutoka sokoni.

Jumapili wote wawili watakaa katikati. Sensa ikiwa kubwa zaidi, na katikati yake nayo si inakuwa kubwa zaidi?