Kamati ya Kufuta Chenga

Umma unatangaziwa kwa furaha kwamba chenga zimepigwa marufuku. Kuanzia tarehe ya waraka huu, hakuna picha ya jino inayoruhusiwa kutoka kwenye mashine ya CT ya hospitali yetu, ile inayozunguka kichwa cha mgonjwa, ikiwa na ukungu, vumbivumbi au punje ya aina yoyote. Mimi, Katibu wa Kamati ya Kufuta Chenga, ndiye niliyeshika muhuri.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila picha ilipelekwa kwa Mwenyekiti. Akiona ukungu, mionzi ilipandishwa hatua moja na mgonjwa akarudi kitini. Wiki ya kwanza alikagua picha arobaini na moja, akaona ukungu katika zote. Jicho kali namna hiyo ni nadra. Miwani haigusi, anasema inapunguza mamlaka ya uso. Na kwa unyenyekevu wake, kila asubuhi husalimia hata koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za watoto.

Kikwazo kilikuwa kimoja: mpiga picha wetu, tuliyemwita Dada Kipimo kwa sababu hata sukari ya chai aliisawazisha kijikoni kwa kisu. Yeye alishikilia kwamba mionzi ikizidi picha hung'aa, lakini mwili ndio unaoibeba. Basi iwashwe kidogo tu, kiasi cha jino kuonekana.

"Tunatafuta jino," alisema, "hatupigi picha za harusi."

Alhamisi akaletwa binti wa mfagiaji wetu, miaka saba, shavu limefura. Jino lilikuwa limelala ndani ya ufizi. Daktari wa meno aliliona kwenye picha ya kwanza, akaenda kunawa mikono. Lakini bila muhuri hakuna kung'oa. Mwenyekiti akaona ukungu. Picha ya pili, ukungu. Akaagiza ya tatu, mionzi hatua ya juu kabisa.

"Sipigi," Dada Kipimo akasema.

"Unasemaje?"

"Kichwa cha mtoto si kiporo, mzee wangu, ukirudishe motoni mpaka ukipende."

Mfagiaji alikuwa amesimama na fagio lake. "Bosi, mwanangu hajalala siku ya tatu leo. Mng'oeni tu, jamani."

"Mama, serikali haing'oi gizani."

Niliinakili sentensi hiyo kwenye kumbukumbu, nikaipigia mstari.

Dada Kipimo akatoka, akarudi na bahasha ya kaki. "Haya, mzee. Tazama na hii."

Mwenyekiti akaichomoa picha, akaiinua dirishani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Ukungu mtupu! Na huyu kacheleweshwa sana. Taya limevimba, na humu kichwani sioni kitu. Irudiwe! Hatua ya juu kabisa!"

Nikagonga muhuri: IRUDIWE. Ndipo nikagundua kuwa mgonjwa amevaa tai. Ilikuwa picha rasmi ya Mwenyekiti, ile ya mapokezi, imetolewa kwenye fremu.

"Karibu kitini, Mwenyekiti," Dada Kipimo akasema kwa adabu zote. "Ni wewe huyo. Na muhuri umeshagongwa."

"Mimi? Hatua ya juu kabisa? Kwani hiyo haina madhara?"

"Kwa nani, bosi?" mfagiaji akauliza.

Picha ya kwanza ya mtoto ilipitishwa papo hapo, bila hata kutazamwa. Kabla ya saa sita jino lilikuwa kwenye kisahani. Jioni ukatoka waraka mpya: chenga zimeruhusiwa kwa kiasi, kama Mwenyekiti alivyoelekeza tangu awali.

Aliagiza pia picha yake ibadilishwe. Nilimwambia imebadilishwa.

Dada Kipimo ametutoka mwaka huu. Kila Jumatatu naifuta vumbi ile fremu, na muhuri wangu ungali pale pale, katikati ya paji la uso. Mwenyekiti akipita husimama mbele yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii mpya ndiyo," husema. "Haina chenga hata moja."