Siku Treni Iliposimama Thornby Wath

Tegeni masikio, enyi waungwana, na mlio nyuma sogezeni viti, niwasimulie vita alivyopigana Ezekiel Mumby, simba wa reli, sultani wa jukwaa moja na benchi moja, mkuu wa stesheni ya Thornby Wath katika nchi ya Waingereza, zama za Malkia Viktoria.

Stesheni hiyo iliishi miaka miwili tu. Mwenye ardhi aliogopa moshi usije ukawatimua ndege wake wa kuwinda, basi ikajengwa mbali na kijiji, upande usio wa soko, na wanakijiji wakaona heri kwenda sokoni kwa miguu. Na sheria ilikuwa hii: treni haisimami ila pawe na abiria na bendera nyekundu ipepee. Shujaa wetu hakuwahi kuipeperusha hata mara moja. Sasa ilikuwa Jumamosi alasiri, treni ya mwisho i njiani, na kesho yake stesheni ingefungwa milele. Roho ilimuuma, jamani, ilimuuma sana.

Ndipo akapita Keziah Blanchard, malkia wa sabuni, mfuaji wa kijiji, amebeba kapu.

"Mama Blanchard! Simama! Historia inakuita!"

"Historia ingoje. Nina mashuka ya kasisi hapa."

"Panda treni, mama. Stesheni moja tu!"

"Niingie kwenye moshi na vitu vyeupe hivi? Una wazimu, Bwana Mumby?"

"Mashuka nitayapeleka mwenyewe, begani, kijiji kizima kinione!"

Keziah akaitazama bendera. "Hiyo nakufulia kila Jumatatu, miaka miwili sasa, na sijaikuta na doa hata moja. Aibu gani hii! Haya, ipunge!"

Dubwana la chuma likatokea likipiga mayowe. Mumby akasonga ukingoni, kifua mbele, akaipunga bendera kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza nyuki. Breki zikalia.

"Kuna nini?" dereva akapaza sauti. "Ng'ombe kwenye reli?"

"Abiria!" akanguruma Mumby.

"Abiria? Hapa?"

"Acha kunikodolea macho, baba," akasema Keziah, akajifungulia mlango, akapanda.

Treni ikaondoka. Mumby akalia waziwazi, kisha akabeba kapu.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote: Thornby Wath ilikuwa stesheni. Treni ilisimama.