Mawaziri Wote wa Fedha Wasimame

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimechaguliwa. Kambi ya serikali ya vijana, wiki nzima kwenye bweni la chuo, kulala huko huko, kula huko huko. Vijana wa shule mbalimbali wanachagua rais wao, mawaziri wao na bunge lao, wanaendesha serikali kama wakubwa. Shule yetu ina nafasi moja tu. Ni yangu. Mwalimu mlezi alinitangaza asubuhi mbele ya wanafunzi wote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Wenye vipaji hatupendwi, nimeshazoea.

Wa akiba ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayeishi kwetu. Nikiugua au nikienguliwa, anakwenda yeye. Amenipa hongera kwa mikono miwili. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia leo chai yangu nitajimiminia mwenyewe.

Halafu ieleweke: siendi kuhudhuria. Kuhudhuria ni kazi ya kina binamu. Nakwenda kuchukua urais.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mratibu wa kambi, mama mmoja mpole kupita kiasi, ametuunganisha wote kwenye kundi la simu ili tufahamiane. Wenzangu wanafahamiana. Wanatumiana picha za paka. Mimi nimeanza kazi. Nimemwandikia kila mmoja pembeni: nipe kura ya urais, nami nitakupa wizara.

Watu hawana ubunifu. Hakuna anayetaka Utamaduni. Hakuna anayetaka Mifugo. Msichana mmoja nilimpa Mazingira, akasema atafikiria. Nikampa Fedha, akafikiria papo hapo. Basi nikaona ya nini kujisumbua. Fedha kwa huyu, Fedha kwa yule. Wote wamekubali, na kila mmoja ameapa kutunza siri.

Binamu alikuwa mezani na kanuni za kambi, kalamu mkononi. Akaniuliza kama najua kwamba mawaziri wanathibitishwa na bunge. Nikamwambia kanuni husomwa na wasio na kura. Akapiga mstari chini ya sentensi nyingine.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Baba ni fundi cherehani, na kwa mara ya kwanza ufundi wake umenifaa. Amenishonea suti. Maruni, vifungo vya dhahabu, kola imesimama wima. Nilipojiona kwenye kioo nilijipigia saluti. Mama akaropoka kwamba kitambaa kilibaki kwenye oda ya wahudumu wa hoteli. Baba akamkanyaga mguu. Sijali. Kitambaa hakina kumbukumbu.

Baada ya chakula nikawasomea hotuba. Bibi alisinzia mwanzoni tu, akazinduka mwishoni, akasema debe tupu haliachi kuvuma. Baba alisema hotuba nzuri ila "mimi" zimezidi. Nikamwelewesha kwamba inanihusu mimi. Binamu naye, kwa ile sauti yake ya kuazima, akauliza nitawafanyia nini hao vijana. Swali la ajabu. Nitawaongoza, nini kingine.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nuksi. Kuna kijana wanamwita Bega kwa sababu bega lake moja limepanda. Mchana kweupe kaandika kwenye kundi kwamba waziri mtarajiwa wa Fedha anawasalimu wote. Siri gani ya kusalimia watu? Kabla sijameza mate, yule msichana niliyempa Mazingira kwanza akamjibu kwamba bila shaka amekosea wizara. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyusi.

Nikamwandikia Bega kwamba msichana ametumwa na maadui zetu. Nikamwandikia msichana kwamba Bega si mzima kichwani, tumhurumie, tusimjibu. Wote wakanyamaza. Huo ndio uongozi, na haufundishwi. Baba alichungulia simu yangu, akasema nawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Akarudi kwenye pindo lake la suruali. Huko ndiko kuliko na saizi yake.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Naandika huku nimeufunga mlango.

Leo kulikuwa na kikao cha maandalizi, wajumbe wote pamoja na wa akiba, kwenye ukumbi wa hoteli. Hoteli ile ile. Wahudumu wote wamevaa suti yangu. Sijavuka hata kizingiti, mwalimu wa shule nyingine akaniagiza chai isiyo na sukari.

Mratibu akaomba kila mtu asimame, aseme shule yake na anachotarajia kufanya kambini. Bega akawa wa kwanza: kuwa Waziri wa Fedha. Akafuata yule msichana: Waziri wa Fedha. Mapacha wawili, kwa pamoja: Waziri wa Fedha. Watu wakaanza kucheka. Mratibu, upole wake haujapungua hata chembe, akaomba mawaziri wote wa Fedha wasimame. Karibu ukumbi mzima ukasimama. Binamu akabaki amekaa, anaangalia viatu vyake. Mratibu akauliza nani amewateua. Wakataja jina langu, ambalo wanalijua kwa simu tu.

Mjinga angekimbia. Mimi nilinyanyua sinia la vikombe lililokuwa kwenye meza ya ukutani nikaanza kuhudumia. Wananitafuta kila upande, na mimi nawagawia chai. Bega mwenyewe alipokea kikombe akasema asante kaka, hata usoni hakunitazama. Ningefika mlangoni salama. Lakini mratibu naye alitaka chai, na katika haraka yangu ya kumpa kikombe nikaumwagia mkoba wake. Binamu akaja taratibu, akaninong'oneza kwamba niweke sinia chini, kwani anayeulizwa ni mimi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mwalimu mlezi amekuja nyumbani. Nafasi imekwenda kwa binamu.

Alieleza kwamba binamu alimbembeleza mratibu anisamehe. Mratibu akakubali, kwa sharti kwamba niwaombe radhi wale vijana mmoja mmoja, leo hii, nami nitakwenda. Kila mtu sebuleni akanigeukia. Nikasema sina tatizo, ila waanze wao, maana wao ndio waliovujisha siri. Mwalimu akavaa kofia yake. Mama akashika kichwa.

Nimelia. Bafuni, bomba likiwa wazi ili wasinisikie. Nilitaka sana kwenda. Urais ni urais, lakini nilitaka pia kulala kwenye bweni lile, mahali ambapo hakuna anayenijua vizuri kama wanavyonijua humu ndani. Binamu aligonga akauliza kama niko sawa. Nikamwambia naoga.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimembebea binamu sanduku mpaka kwenye basi la kambi. Wale mawaziri walimpokea kwa makofi. Wasaliti, hata haya hawana.

Kabla hajapanda alinivuta pembeni. Akasema anaogopa, kwamba akisimama mbele za watu sauti inamkauka, akaniuliza mimi nawezaje. Aliuliza kwa dhati kabisa. Katika ukoo huu sijawahi kuulizwa kitu na mtu aliyetaka jibu. Nikampa yote niliyonayo: usiwatazame machoni, na kila mtu mwambie anachotaka kusikia. Akanitazama, akacheka mpaka machozi, akanikumbatia, akapanda.

Njiani nikaelewa. Rais anaunguzwa na jua jukwaani. Mshauri wake anakaa kivulini, na hakuna anayesimama kuuliza nani kamteua. Kumbe sikuenguliwa. Nimepandishwa cheo. Nimeshawaandikia vijana wote wa kambi kwamba anayetaka kumfikia binamu apitie kwangu. Bega amejibu kwamba binamu amekaa naye kiti kimoja. Kijana hajui taratibu, nitamfundisha.

Mama ananiita nikaoshe vyombo. Nimemtuma bibi amwambie kwamba mshauri yuko kikaoni. Bibi amerudi na jibu: kikao kimehamishiwa jikoni.