Vilivyoiva Viondolewe Karibu na Miche

Kwa Mkurugenzi wa Maabara,

Mpwa wangu mheshimiwa,

Nyumbani shikamoo ni yako kunipa; kazini sijui nani aanze. Tuiruke, maana miche inakufa.

Migomba tunayoikuza ndani ya chupa inapukutisha majani, nawe umeshatangaza kwamba miche hii ikiharibika, chumba changu kitafungwa. Nimesoma, nimechunguza, na mkosaji nimempata: ni ethilini, gesi inayotolewa na matunda yanapoiva. Haionekani, lakini ikijaa chupani mche hudumaa, hunenepa shina na kuangusha majani kama mgomba uliozeeka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mhasibu anavundika ndizi katika kabati linalopakana na chumba cha miche. Nilipomkanya kwa adabu alinijibu, "Mjomba, kwani ndizi zangu zina miguu?" Gesi, mheshimiwa, haihitaji miguu.

2. Dereva huacha gari likinguruma chini ya dirisha letu, na moshi nao una ethilini. Yeye akasema, "Nikizima haliwaki tena. Utasukuma wewe?" Nimeshasukuma. Sikatai kusukuma, nakataa moshi.

3. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa matunda sayansi inakubali: moja likiiva, jirani zake nao huiva. Ni nani aliyethibitisha kwamba watu hawamo? Mkuu wa idara ameiva tangu mwaka juzi. Vikaoni hulala mdomo wazi, na mdomo huo unatoa nini, hakuna aliyepima. Binti wa mafunzo aliyewekwa meza ya jirani naye, mtoto wa juzi kabisa, wiki iliyopita nilimsikia akisema, "Enzi zetu." Siku hizi anatembea mikono ikiwa mgongoni.

4. Kwa hiyo naomba ndizi zitoke, gari litoke, na kila mtumishi aliyevuka miaka hamsini atoke, kwa heshima na kwa barua, kabla ya Ijumaa. Ukichelewa tutajua mbivu na mbichi, na zote zitakuwa mbivu.

Nisalimie mkeo na wajukuu zangu. Msalimie mhasibu, asinijibu. Dereva msalimie injini ikiwa imezimwa.

Ni mimi, mjomba wako nyumbani na mtumishi wako kazini,
Fundi wa Chumba cha Chupa

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea mama yako. Dada yangu huyo hakuisifu, aliuliza tu, "Hivi wewe una miaka mingapi sasa?" Nikarudi vitabuni. Kumbe mche wenyewe, ukibanwa kwenye chupa iliyozibwa kabisa, hutoa ethilini yake na kujidhuru bila msaada wa mtu. Tununue vifuniko vinavyopitisha hewa, na watumishi waachwe walipo. Na iwapo kuna atakayeuliza habari zangu, ajue kwamba kukomaa si kuiva.