Droo Tatu Nyuma ya Pikapu

Jumatatu, 6 Mei

Nimefunga breki pale njia panda, na karakana yangu nzima ikahamia mbele. Spana, msumeno, mabomba, ndoo ya viungo, vyote vikaja kugonga kioo kana kwamba vinataka kukaa na mimi. Koleo kubwa halijaonekana mpaka sasa. Nahisi limebaki njia panda linaongoza magari.

Shemeji alikuwa kando yangu. Pikapu ni yetu sote. Baba mkwe alipoona macho yake yamechoshwa na barabara, alitukabidhi ufunguo, mimi na yeye, kaka wa mke wangu. Mimi fundi bomba, yeye fundi umeme. Vifaa vyake vinakaa kwenye masanduku mawili ya bati yaliyokazwa kwa mikanda. Havikusogea hata kidogo. Alijipangusa tu vumbi begani. Bora angenitukana!

Mchana nikajilaza nyuma ya pikapu, juu ya turubai. Mawingu yalikuwa yanapita polepole, kama watu waliomaliza kazi. Moja lilikuwa la pembe nne kabisa. Likajigawa mara tatu. Nikaona: droo! Droo za kuvuta, moja juu ya nyingine, zinateleza bila sauti. Kila koki ina kitanda chake, kila spana imefunikwa vizuri. Nikaamka na tabasamu, na alama ya mnyororo shavuni.

Jumanne, 7 Mei

Mbao nimepata. Mlango wa zamani wa stoo na kipande cha plaibodi. Droo ndiyo shughuli. Kutengeneza droo kunataka vipimo, na vipimo vinanikatiza mawazo. Kumbe droo tatu zilikuwa nyumbani muda wote! Zimo kwenye kabati la mke wangu, ambaye ni mshonaji, zimejaa vifungo, zipu na nyuzi. Mwenyewe alikuwa ametoka kupeleka sare za watu. Nikahamishia kila kitu kwenye beseni la kufulia, kwa heshima zote. Vifungo chini, nyuzi juu.

Alirudi saa kumi. Akaniuliza, kwa ule upole wake wa hatari, vifungo vyake vinaishi wapi siku hizi. Nikamwambia ni kwa muda tu. Akataka kujua kwangu mimi muda ni nini. Nikakumbuka kuna msumari sijaupiga.

Jumatano, 8 Mei

Limekamilika! Sanduku refu, droo tatu, rangi ya bluu. Kasoro ndogo: limezidi kidogo, mlango wa nyuma wa pikapu haufungi. Nimeung'oa mlango. Sasa gari linapumua.

Nikatoka kwenda kazini. Katikati ya kilima cha hospitali nikatazama kwenye kioo. Barabara yote nyuma yangu ilikuwa inameremeta. Vitu vidogo vya rangi ya shaba vinaruka, vinazunguka, vinateremka kwa madaha huku jua likicheza juu yake. Nikapunguza mwendo nitazame vizuri. Nikawaza kwamba dunia ina mambo mazuri na wengi tunayapita bila kuyaona. Nikawaza hivyo kama dakika nzima. Kisha nikatambua kuwa ni koki zangu.

Droo ya kati ilikuwa wazi, imetoa ulimi. Koki arobaini zilianguka, nimeokota ishirini na sita. Muuza viatu wa pale chini akanirudishia nyingine tatu na kunishauri niwe nafunga mlango wa gari. Nikamwambia sina mlango. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

Ijumaa, 10 Mei

Usalama sasa! Nimepitisha chuma mbele ya droo zote. Upande mmoja bawaba, upande wa pili kufuli la namba nne. Hakuna ufunguo wa kupotea. Mwizi akija ataomba radhi aondoke.

Namba nimeweka tarehe ya ndoa yetu. Mke wangu alikuwa anapita na nguo za kupiga pasi, nikamwambia. Akasimama. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Jua la alasiri lilikuwa limeegemea ubavu wa pikapu, limeipaka asali, na nilipoweka zile namba hata sikufikiri. Vidole vilikwenda vyenyewe, kama vinaota.

Baadaye shemeji akaja kulalamika. Ngazi yake haina pa kulala. Nikampa paa. Akauliza itakuwaje nikisahau namba. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mwanamume asahau siku ya ndoa yake!

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe amekuja kutusalimia. Akalizunguka sanduku la bluu. Akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Shemeji ikabidi aende nyuma ya nyumba. Nilimsikia akichekea ukuta.

Haidhuru. Kesho tunakwenda shule ya wasichana. Mwalimu Mkuu anataka koki za bafuni zibadilishwe, na akiridhika, mabomba ya bweni jipya yote ni yangu. Ghorofa mbili! Kazi ya miezi, baada ya mwaka mzima wa kuzibua sinki za watu. Nimekaa barazani nikaliona hilo bweni. Maji yanapanda ndani ya kuta yakinong'ona, msichana anafungua koki, ananawa uso, anasema: aliyefanya kazi hapa ni mtu wa mpangilio.

Chakula kimepoa nikiwa huko huko bwenini.

Jumatatu, 13 Mei

Sijui nianzie wapi.

Tulifika saa mbili asubuhi. Shemeji akaenda kurekebisha taa za jikoni, mimi bafuni. Nikaishika koki ya kwanza, kuijaribu tu. Iling'oka. Ilikuwa imeoza zamani, ikisubiri mtu wa kumsingizia. Maji yakaruka mpaka darini.

Si neno, nikajiambia. Valvu kuu iko nje, na chuma cha kuifungia kiko droo ya juu. Nikakimbia. Nikazungusha 1408. Kufuli kimya. Nikarudia polepole, kwa mapenzi. Kimya. Nikajaribu 0814. Nikajaribu 1508, huenda tulioana kesho yake.

Maji yakatoka bafuni, yakashika korido, yakaelekea chumba cha vitabu. Mwalimu Mkuu akawapanga wasichana mstari, vitabu vikapita mkono kwa mkono. Kisha akatoka nje kunitafuta, viatu mkononi, sketi imelowa.

"Fundi, umeweka nini humo, dhahabu?"

"Vifaa, Mwalimu."

"Basi vitoe."

"Vinakuja, Mwalimu."

Nikampigia simu mke wangu. Nikamsalimu vizuri. Nikauliza hali ya cherehani. Kisha, kama mtu anayepita tu, nikasema nimekaa hapa nikaikumbuka siku ile yetu, ilivyopendeza, hivi ilikuwa tarehe ngapi vile?

Nikasikia cherehani ikisimama.

"Kumi na tisa, mwezi wa nane," akasema. "Haya, fungua droo zako." Akakata.

Nikazungusha 1908. Halikufunguka!

Hapo ndipo shemeji akaja, sijui nani alimwita. Akatazama sanduku. Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu nne za bawaba, chuma kikaanguka chini. Hazikufika dakika mbili.

"Shem, bawaba umezifunga kwa nje," akasema.

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikafunga valvu. Nikabadilisha koki zote kumi na mbili bila kuinua kichwa, nikakausha korido kwa magoti yangu mwenyewe. Vitabu vilivyolowa ni vya jiografia. Wasichana walivianika uwanjani, dunia nzima juu ya nyasi, upepo ukifungua bahari moja baada ya nyingine. Nilisimama kidogo kutazama. Mwalimu Mkuu akaniuliza kama nina haja nyingine. Kuhusu bweni alisema atafikiri.

Jumanne, 14 Mei

Kufuli lilikuwa mezani asubuhi, bado limefungwa. Mke wangu akapangusa mikono, akalichukua, akazungusha namba mara nne. Tiki. Likafunguka.

Nikamuuliza amewezaje.

"Mbili, mwezi wa tatu. Siku baba alipotuletea pikapu. Uliiosha mara tatu siku ile."

Hakupandisha sauti. Akaliweka kufuli chini, akarudi kwenye cherehani. Nikabaki natazama mgongo wake. Mgongo wa mtu anayeshona unaweza kusema mengi sana.

Nikaenda kuzing'oa droo kwenye sanduku. Nikazisugua, nikazikausha juani, nikazirudisha kabatini. Kisha nikakaa sakafuni na beseni, nikavipanga vifungo kimoja kimoja kwa rangi. Bluu peke yake iko ya aina nyingi, sikuwa najua. Mwanga wa dirishani ulitoka ukutani ukaja miguuni kwangu, nami bado niko kwenye bluu. Cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda. Sijawahi kukaa saa nyingi hivyo kando yake bila kuwa na safari.

Chini kabisa nikakuta kifungo kimoja cheupe, kina ufa. Nikamuuliza hiki kinakwenda na kipi. Akakichukua kiganjani mwangu. Akasema ni cha gauni lake la harusi, kilidondoka tukicheza, mimi nikakikanyaga, yeye akakiokota.

"Kumi na tisa," nikasema.

"Mwezi wa nane," akasema. Akakirudisha droo ya juu, peke yake. Kisha akanimiminia chai.

Alhamisi, 16 Mei

Mwalimu Mkuu amepiga simu! Koki zote kumi na mbili hazivuji hata tone. Bweni ni langu, kuanzia kesho, kwa sharti moja: kufuli la namba lisivuke geti lake. Nimerukaruka uani. Mke wangu akacheka, kisha akaniambia nitulie nitaangusha kamba ya nguo.

Shemeji naye kaniletea sanduku la bati kama yale yake, pamoja na mikanda miwili. Amenifundisha kuikaza, amelishusha lile la bluu, amerudisha mlango wa pikapu mahali pake. Tukazunguka mtaa mzima, tukafunga breki makusudi. Hakikusogea kitu! Nikamshukuru kwa moyo wote. Nikamwambia nimejifunza, sibuni tena jambo.

Alipoondoka, nikaingia chini ya gari kutafuta skrubu iliyodondoka. Kuna ubaridi mzuri huko chini, na mwanga unaingia kwa pembeni kama ndani ya hema. Nikajisahau kidogo. Ndipo nikaliona gurudumu la akiba, limening'inia pale, nono, halifanyi kazi yoyote. Pamoja na nafasi yote ile! Stoo ya siri! Mvua haifiki, mwizi hafikirii, mama mkwe haoni.

Nimelishusha, nimempa jirani, analikalia anapomenya viazi. Spana na koki zote nimezifunga pale juu kwa waya, zimelala kama popo. Sanduku la shemeji sasa liko tupu, safi, linapendeza.

Kesho tunaondoka alfajiri. Wanasema njia ya shuleni imemwagwa kokoto mpya, zile za ncha. Shemeji sijamwambia kitu. Nataka ashangae mwenyewe.