Kampeni Yangu Ndani ya Kundi la Harusi ya Annick

Jumatatu, 12 Mei 2025
Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa ushirika wa mafundi cherehani, hapa Batsinda. Ushindi ni wangu. Nani mwingine Kigali nzima amewahi kumshonea balozi suti bila kumpima, kwa kumtazama tu akipita ndani ya gari? Lakini kampeni inataka pesa. Nimepanda Kiyovu kwa Bwana Conrad, tajiri wa vitambaa, anifadhili. Amenipokea vizuri sana! Amenipa Fanta, akasema nikaimalizie nje, kuna mgeni anaingia. Mgeni mwenyewe: Jean-Luc, mpinzani wangu. Yule ambaye zipu zake zinafunguka kanisani.

Jumanne, 13 Mei
Jean-Luc anagawa kofia za njano zenye sura yake. Na brosheti, mishkaki ya mbuzi. Zote kalipa Conrad. Nimekula tano, kuwatia hasara. Nikatangaza mbele ya watu kwamba pesa ya tajiri mmoja ni kamba ya mbuzi. Jean-Luc akajibu kwamba mbuzi wa kamba angalau jioni kuna anayemkumbuka. Wakacheka. Nami bado nina nyama yao mdomoni!
Basi. Mimi nitachangiwa na wananchi, kwa simu, mia mbili mbili.

Jumatano, 14 Mei
Kufungua kundi jipya la WhatsApp ni kazi ya washamba. Lipo la harusi ya mpwa wangu Annick, la mwaka jana. Watu mia moja na arobaini, wamezoea kutoa. Nimeweka picha yangu ya suti, nikabadilisha jina: "Tumchangie Évode". Tangazo la zamani la michango nimeliacha palepale, liliandikwa vizuri.
Dakika kumi, pongezi zinamiminika! Shangazi wa Rebero kauliza bibi arusi ni nani. Nikamjibu kisiasa: Jumamosi mtamwona.

Alhamisi, 15 Mei
Balaa! Namba iliyo kwenye tangazo ni ya mke wangu Vestine. Ndiye aliyekuwa mweka hazina wa harusi. Simu yake inalia kama kuku anayetaga. Na kila mchango una ujumbe. Vestine, jikaze. Vestine, usilie, tafuta wakili. Mukabalisa, fundi jirani yetu, katuma elfu mbili na kuandika kwamba mwanaume mwenyewe hata pindo hajui kukunja.
Nimemweleza Vestine kuwa hakuna mke wa pili, ni kampeni. Akauliza ni nani basi aliyechangiwa. Nikasema mimi. Akauliza pesa iko kwenye simu ya nani. Maswali ya kitoto.

Ijumaa, 16 Mei
Vestine kaandika ukweli wote kundini, kila mtu arudishiwe chake. Hakuna aliyetaka! Karibu nusu yao ni mafundi wenzetu wa ushirika. Wamesema pesa ibaki, agombee yeye, naye fundi. Kakubali! Mtu ambaye hajawahi kumshonea hata dereva wa balozi. Nimemwomba ajitoe kwa heshima yangu. Akasema nianze kwa kumwomba Jean-Luc. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei
Kura ni kupanga mstari nyuma ya mgombea. Nyuma ya Jean-Luc, watu tisa. Nyuma yangu, ukuta. Nyuma ya Vestine, mstari mpaka barabarani, na humo kofia za njano kibao, maana jua lilikuwa kali. Mafundi waliotoa mia mbili walikuja wote, hata Mukabalisa na mguu wake mbaya. Alisema kafuata mia mbili zake, ingawa ni elfu mbili. Bwana Conrad hakushuka garini.
Nikapiga hesabu haraka, nikahamia kwa Vestine, wa mwisho kabisa. Iandikwe: mimi ndiye niliyekamilisha ushindi. Mukabalisa akageuka kuniambia nisisukume.

Jumapili, 18 Mei
Ushindi wangu unasimuliwa hadi Burundi. Kosa lilikuwa moja tu: harusi. Watu wakisikia harusi wanauliza bibi arusi. Sasa parokia inatafuta mwenyekiti wa kwaya, nami nimekumbuka kundi la msiba wa marehemu baba mkubwa Bizimana. Watu mia mbili na kumi! Na msibani watu hutoa bila maswali. Safari hii nimeweka namba yangu, mimi si mjinga. Picha nayo tayari. Ile ya suti, nimefumba macho kidogo.