Alivuta Lini?

Ulisikia. Ukuta wa tofali mbichi hauzuii kilio, na asubuhi ile Itigi nzima ilikuwa macho ikikoroga uji. Ukaongeza sauti ya redio. Basi kaa, usimuliwe ulichokikwepa.

Mwaka ule wa ruksa, ruksa ya mitumba, ruksa ya kila mtu na duka lake, kipaza sauti kilitangaza stesheni kwamba tarafa imeunda Kamati ya Kutokomeza Vurugu Zitokanazo na Bangi. Utafiti ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni ushahidi. Mwenyekiti akawa Bwana Mselemu, mtu wa kaunda suti na kalamu mbili mfukoni. Wafadhili wakaleta fomu. Swali la kwanza: Mpigaji alivuta bangi lini? (a) Leo. (b) Jana. (c) Leo na jana. Pombe haikuwamo, kwa kuwa ina leseni. Asiye na fomu yenye mhuri hakutibiwa zahanati, maana bila bangi hakuna aliyepigwa. Kuna aliyeanguka tu, na aliyeanguka hana fomu.

Swaumu, mama yake Nasri, akafika ofisini kwa kamati, mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga, umevimba kama kibuyu. Aliyempiga ni mumewe, Mselemu huyohuyo, kwa mguu wa stuli, asubuhi ile, kisa chai imepoa.

Karani wa kamati, Chrispin, alikuna kichwa. Mwenyekiti havuti hata sigara.

"Mama Nasri, sera hairuhusu. Labda tuandike umeanguka."

"Nimeuangukia mguu wa stuli mara tatu?"

"Inatokea."

Hata hivyo Chrispin alikuwa na huruma ya kiofisi. Akaagiza aletwe Leonidas, mrina asali, mvutaji pekee aliyejulikana pale mjini. Kila ngumi iliyorushwa Itigi tangu Januari ilikuwa imeandikwa jina lake, zikiwemo zilizorushwa yeye akiwa amelala. Mtu mwenyewe hajawahi kugombana hata na nyuki. Aliingia akitoa shikamoo kwa kila mtu, hadi mgambo aliyemfunga kamba. Akautazama ule mkono.

"Mama, nitaje tu mimi," alisema. "Mimi nimeshazoea. Mkono haungoji."

Swaumu alitamani. Maumivu yalikuwa yamepanda hadi kwenye meno. Neno moja tu, angefungwa plasta kabla treni ya mchana haijapita, na Leonidas angelala rumande. Kisha jioni angerudi kwa yuleyule, na stuli bado ina miguu mitatu.

"Andika Mselemu," alisema. "Weka (c)."

Chrispin aliandika, karani habishani na fomu. Mhuri ukagonga. Kanuni ya kamati ilikuwa wazi: aliyepiga amevuta, aliyevuta akamatwe. Mgambo akamfungua Leonidas, akaenda na kamba ileile hadi ukumbini, ambako Mwenyekiti alikuwa anawaeleza wafadhili mafanikio.

Mselemu alipoiona kamba, heshima ikampanda kichwani.

"Mimi na bangi wapi na wapi? Sijawahi kuigusa. Mke wangu nilimpiga nikiwa na akili zangu timamu."

Chrispin, aliyefuata nyuma na mwandiko wake mzuri, aliandika kila neno kwenye muhtasari, kisha akauliza kwa adabu kama Mwenyekiti atasaini sasa au baada ya chai.

Mkono ulifungwa plasta siku ileile. Fomu zimebaki, mzigo mzima, zinangoja majina ya wenye akili timamu. Wewe unamjua mmoja, jirani yako wa upande wa pili. Ukuta wenu ni mmoja. Zima hiyo redio. Inuka sasa hivi, ukamwandikishe.